Sahihi ya Mchoraji Ni Shahidi Dhaifu

Mtu akikuletea mchoro wenye jina kubwa pembeni, jambo la kwanza atakalokuonyesha ni hilo jina. Wataalamu hulitazama mwisho. Msomaji wa Kericho au Bomet hatashangazwa na utaratibu huo, kwa kuwa ndio wa waonjaji wa chai yetu. Gunia linaweza kuandikwa jina la kiwanda cha Litein au Kapkoros na daraja la BP1, lakini bei haitokani na maandishi hayo. Mwonjaji hutazama jani kavu, akatazama majani yaliyotiliwa maji ya moto, kisha akavuta chai kwa kijiko kwa kishindo, akaizungusha mdomoni na kuitema. Mambo hayo matatu yakipatana ndipo anapotoa kauli.

Michoro nayo hupimwa kwa kupatanisha mashahidi kadhaa, na kazi huwa ngumu zaidi mchoraji anapokuwa amejichora mwenyewe. Ungedhani ni rahisi: sura ni yake, basi na mkono ni wake. Rembrandt, Mholanzi aliyefariki mwaka 1669, alijichora kwa rangi za mafuta mara zipatazo 40. Lakini karakana yake ilikuwa na wanafunzi wengi, na kunakili kazi za mwalimu kulikuwa sehemu ya mafunzo, uso wake ukiwemo. Uso wa Rembrandt kwenye ubao hauthibitishi kwamba Rembrandt ndiye aliyeshika brashi.

Chukua picha ya mnamo 1629 inayomwonyesha akiwa kijana, amevaa kinga ya chuma shingoni. Zipo mbili zinazofanana: moja katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague, na nyingine Nuremberg, Ujerumani. Kwa miaka mingi ile ya The Hague, iliyolainishwa vizuri, ndiyo iliyoitwa halisi, na ile ya Nuremberg, yenye rangi iliyopakwa kwa ukali na haraka, ikaitwa nakala. Miaka ya 1990 hukumu iligeuka. Picha ya The Hague ilipochunguzwa kwa miale ya infraredi, ambayo hupenya tabaka nyingi za rangi lakini hunywewa na mistari ya kaboni, ulionekana mchoro wa awali chini ya rangi, umefuatwa kwa uangalifu. Huyo ni mtu aliyekuwa na kielelezo mbele yake. Anayebuni huwa anatafuta njia. Hubadili bega, husogeza kola, na mabadiliko hayo hubaki chini ya rangi. Anayenakili huona matokeo tu, kwa hiyo hasiti. Leo wataalamu wengi huihesabu ile ya Nuremberg kuwa ya Rembrandt mwenyewe. Kwa maoni yangu kutazama chini ya rangi ndicho kipimo bora kuliko vyote, kwa sababu mghushi anaweza kuiga uso wa mchoro lakini ni vigumu mno kuiga kusitasita kwa mtu mwingine.

Vipimo vingine vina mipaka ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Kuhesabu duara za mti kwenye ubao wa mwaloni huonyesha tu kwamba mchoro hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka fulani. Mwanafunzi alitumia mbao zilezile za mwalimu. Maabara inaweza kumfukuza mwongo, lakini haiwezi kumtaja mkweli.

Ndiyo maana historia ya umiliki ina uzito. Jumba la taifa la Norway, Oslo, lilinunua mwaka 1910 picha ya Vincent van Gogh aliyojichora, yenye uso wa kijanikijani na jicho linalotazama upande. Kuanzia mwaka 1970 wengi waliitilia shaka: rangi hazikufanana na kazi zake za wakati huo, na haikujulikana ilikopitia. Mwaka 2014 ilipelekwa Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho la Van Gogh, na Januari 2020 watafiti wa huko wakatangaza kwamba ni halisi. Walikuwa wamepata njia yake: ilikuwa mikononi mwa Joseph Ginoux, mwenye mkahawa mjini Arles aliyemjua mchoraji, kisha ikauzwa Paris mwaka 1896. Ipo pia barua ya Septemba 1889 ambamo Van Gogh alimtajia nduguye Theo picha aliyojaribu kujichora akiwa mgonjwa. Ugonjwa huo ndio ulioeleza rangi zilizofifia. Kilichokuwa sababu ya shaka kikageuka ushahidi.

Kwetu Afrika Mashariki kesi kubwa ya aina hii ni ya Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Alitumia alichokipata dukani: ubao mgumu uliokatwa mraba, mara nyingi kama sentimita 60 kwa 60, na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Aliuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Maisha yake ya uchoraji yalidumu miaka minne tu.

Miaka minne, na huku soko la picha zenye jina lake likienea hadi Nairobi, Mombasa, Ulaya na Japani. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumfanya mnunuzi asite. Nayo karakana yake ilifanana na ya Rembrandt: jamaa na vijana walikaa kando yake wakajifunza, miongoni mwao Simon George Mpata, ambaye jina lake limepewa hoteli moja ya kitalii huko Maasai Mara, kwa jirani zetu. Baada ya kifo cha Tingatinga waliendelea na ubao uleule na rangi ileile. Kwa hiyo maabara haiwezi kwa urahisi kutenganisha ubao wa mwalimu wa 1971 na wa mwanafunzi wa 1973. Sahihi nayo ni herufi chache zilizoandikwa kwa brashi, na jina Tingatinga likawa jina la mtindo mzima. Wanaochora kwa mtindo huo waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1990.

Linalobaki ni mkono na njia ya mchoro. Kazi za mwalimu mara nyingi zina mnyama mmoja anayejaza ubao, mandharinyuma tulivu, na mstari usiobembeleza. Kundi la wanyama waliorundikana, nukta nyingi na turubai laini ni dalili za miaka iliyofuata. Lakini dalili si hati. Hati ni risiti, barua, au picha ya familia ya miaka hiyo inayoonyesha mchoro ukiwa ukutani.

Nasema haya bila kuwadharau waliomfuata. Mwanafunzi aliyetia jina lake mwenyewe kwenye tembo wake ni mchoraji halali, na tembo huyo anastahili ukuta. Uongo huanza pale jina la marehemu linapowekwa juu ya kazi ya mwingine ili bei ipande. Anayekudai bei ya asili kwa ushahidi wa sahihi peke yake mpe bei ya mchoro mzuri, basi.

Na wewe mwenye mchoro wa zamani nyumbani, labda ulioletwa na mzee wako kutoka Dar es Salaam au Nairobi: usiupake vanishi, usibandue karatasi iliyo nyuma, usibadilishe fremu kwa haraka. Ugeuze, uupige picha mgongoni, kisha muulize mzee aliununua kwa nani, mwaka gani, kwa shilingi ngapi. Andika majibu hayo leo, yakiwa bado yapo.