Kujificha na Kufichwa: Tuisome Albamu ya Harusi

Ukisema albamu ya harusi ni kitabu, watu watacheka. Lakini hebu ifungue. Ina mwanzo, ina wahusika, na ina mtunzi aliyeamua nani aonekane na nani akatwe. Basi tuihakiki kama tunavyohakiki riwaya.

Ninayo hapa albamu ya ndugu yangu, harusi iliyofanyika kwenye ukumbi wa kifahari Dar es Salaam. Kurasa za kwanza hazina hata mtu: viatu, pete juu ya ua, shela limetundikwa. Kisha maharusi wanatazamana, taa nyuma yao zimekuwa matone ya dhahabu. Kazi safi, aliyeipiga anaujua mwanga. Ila ungeambiwa ni Nairobi au Dubai, ungekubali.

Sasa, ukoo wa bi harusi ni wa Chumbi, Rufiji. Zamani wangesubiri pantoni Ndundu. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, mto si kikwazo tena, na siku hiyo walijaa basi zima, na mikeka yao ya ukindu mkononi. Kwenye albamu nawatafuta. Bibi mzaa mama yumo kwenye picha moja tu, nyuma kabisa, lenzi imemgeuza ukungu. Mikeka haimo. Daraja limewafikisha mjini, albamu imewarudisha ng'ambo.

Linganisha na picha za studio za zamani, kama zile za Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza Zanzibar mwaka 1930. Watu wamesimama wima, wengine wamekakamaa, lakini wanakutazama usoni. Kila mmoja anasema: nilikuwepo.

Mtu atauliza, kwani kila asiyeonekana ameonewa? Hapana. Heike Behrend, katika kitabu chake *Contesting Visibility* (2013), anaeleza jinsi baadhi ya wanawake Waislamu wa pwani ya Kenya walivyoipinga kamera harusini, wakihofia picha zao kufika kwa wasiowahusu. Na huku kwetu, mambo ya unyago si ya kupigwa picha. Makungwi ndio wenye kauli. Huko ni kujificha, na anayejificha ameamua mwenyewe. Yule bibi hakuamua. Alivaa khanga mpya, akakaa mbele ya kamera, akafichwa.

Simlaumu mpiga picha peke yake. Analipwa kwa saa, ukoo haujui, na maharusi wenyewe wamemwonyesha picha za Instagram wanazotaka zifanane na zao. Ila kuna jambo dogo linalowezekana kabisa. Kamati ya harusi inayokumbuka nani ameahidi shilingi ngapi na nani bado hajamalizia, haishindwi kuandika majina ya wazee kumi kwenye karatasi na kumkabidhi mpiga picha kabla keki haijakatwa.