Kaskazini Bila Jaa

Katikati ya Februari, saa tatu usiku, mtu aliyesimama Liwatoni, Mombasa, akitazama kusini juu ya Likoni ataiona nyota ya Suheli hata taa za bandari ya Kilindini ziwake vipi. Imepanda digrii 41 hivi, karibu nusu ya njia ya kufika utosini, na jirani yake hakuna nyota ya kulingana nayo. Waarabu wa zamani waliueleza upweke huo kwa kisa: Suheli alimwoa Jauza, akamvunja mgongo usiku wa harusi, akatoroka kwenda kusini. Dada zake wawili walitaka kumfuata. Mmoja aliuvuka ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa, ndiye Sirius. Wa pili alibaki ng'ambo akilia mpaka macho yakafifia, ndiye Procyon, mwenye mwanga hafifu zaidi.

Ukiyatazama matukio ya kisa hicho mojamoja, kila tukio lina kazi. Kuvuka kunakuonyesha nyota iko upande gani wa ule ukanda, machozi yanakuonyesha mwangaza wake, na kutoroka kunakuelekeza kusini. Mwanafalaki Al-Sufi alipoandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, kila kundi alilichora mara mbili, mara moja kama linavyoonekana kutoka ardhini na mara moja kama linavyoonekana kwenye tufe, kulia kukiwa kushoto. Ni kazi ya kupendeza mno. Lakini juu ya sitaha, gizani, huku chombo kinayumba, kisa kilichokaa kichwani kilifaa kuliko picha yoyote.

Maalimu, yaani rubani wa chombo, alikuwa na ramani nyingine ya nyota: mduara wa dira. Uligawanywa pande 32. Jaa, nyota ya kaskazini, iko juu na Kutubu, upande wa kusini, chini. Kati ya hizo mbili zimepangwa nyota 15, kila moja ikitaja upande wa kuchomoza kwake na upande wa kuzama: Farkadi, Nashi, Ayuki, Thuraya, Tairi, Akrabu, Suheli na nyinginezo. Mtu akisikia habari za mduara huo hudhani ni picha halisi ya anga. Nimezikokotoa pembe zake kwa nafasi ya Mombasa, na majibu hayafanani. Ayuki leo huchomoza digrii 44 kutoka kaskazini, na dira inasema 45. Hapo hakuna la kulalamika. Thuraya, ambayo wakulima wetu huiita Kilimia, huchomoza digrii 66, ilhali dira inaipa karibu 79. Kwangu mimi tofauti hiyo ya digrii 13 inaonyesha jinsi dira ilivyotengenezwa: mduara uligawanywa sawasawa kwanza, majina yakafuata. Jina la nyota pale ni jina la upande, wala halimwahidi mtu kwamba nyota yenyewe itatokea hapo.

Kujua upande ni jambo moja, kujua umefika wapi ni jingine. Kwa hilo kulikuwa na kibao cha mbao chenye tundu katikati na ugwe wenye mafundo. Unaliuma fundo kwa meno, unaunyosha ugwe, ukingo wa chini wa kibao unaugusa upeo wa bahari na ukingo wa juu unaigusa nyota. Kipimo kilihesabiwa kwa vidole, na kidole kimoja ni digrii 1 na dakika 36 hivi. Kutoka Mombasa hadi Lamu, ukipima kwenda kaskazini tu, ni kidole kimoja na ushee. Kosa la robo kidole ni takriban kilomita 45, na kwa chombo kinachotafuta mlango wa bandari usiku hilo si dogo.

Nyota ya kupimia hasa ilikuwa Jaa, na Mombasa, digrii nne kusini mwa ikweta, haina Jaa. Hapa kinafaa kisa cha pili. Nashi ni jeneza: nyota nne ni machela ya baba, tatu ni mabinti wanaoifuata maiti, na usiku kucha wanamzunguka Jaa, aliyemuua baba yao. Kwetu muuaji yuko chini ya upeo, wanaonekana waombolezaji peke yao. Basi maalimu alipima nyota zinazomzunguka Jaa. Jaa ikizama alihamia Farkadi, ambayo kwa Mombasa leo hupanda digrii 12, kama vidole saba na nusu. Akizidi kwenda kusini alihamia Nashi. Maalimu Ahmad bin Majid wa Julfar aliziandika hesabu za namna hii katika karne ya 15, zikiwemo za njia ya Sofala.

Inasemwa sana kwamba ni yeye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama hadi India. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Rubani aliyepatikana Malindi huenda alikuwa Mgujarati. Mwandishi Mreno Barros anasimulia kwamba rubani huyo alitoa ramani ya pwani ya India yenye miraba midogo midogo, na hakustaajabu alipoonyeshwa vyombo vya Wareno vya kupimia nyota. Da Gama na watu wake waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498. Jumapili ya tarehe 29 mwandishi wa safari aliandika kwamba wameiona tena nyota ya kaskazini baada ya muda mrefu. Kuanzia hapo kibao kiliweza kurudi kwa Jaa, na kanuni ya maalimu ilikuwa kupanda kaskazini mpaka Jaa ifikie kimo cha bandari anayoiendea, kisha kukishika kimo hicho akielekea mashariki. Calicut walifika tarehe 20 Mei.