Bluu si kipimo cha ukavu

Kwa miongo mingi, mkemia aliyetaka tetrahidrofurani kavu, ile THF ya kila maabara, alifuata njia moja: alikata vipande vya sodiamu, akavitia pamoja na benzofenoni kwenye chupa ya kukenekea, akachemsha chini ya naitrojeni au agoni mpaka kiyeyushi kikawa bluu iliyokolea. Bluu hiyo ni ya ketaili, kampaundi inayozaliwa benzofenoni inapopokea elektroni ya sodiamu, na ambayo maji na oksijeni huiharibu papo hapo. Basi ikachukuliwa kwamba bluu ikidumu, maji yamekwisha. Naona imani hiyo ilizidi ushahidi wake. Rangi hutuambia kuwa ketaili imo ndani ya chupa. Kiasi cha maji kilichomo katika kiyeyushi kinachopokewa upande wa pili haikitaji.

Mwaka 2010 Bradley Williams na Michelle Lawton wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, Afrika Kusini, walikwenda kupima. Walitumia njia ya Karl Fischer ya kiumeme: iodini huzalishwa kwa umeme ndani ya chombo, maji huimaliza, na umeme uliotumika ndio unaotoa hesabu ya maji. THF yao ilianza na maji takriban sehemu 108 kwa milioni. Sodiamu na benzofenoni ziliyashusha hadi 43 hivi. Chekeche za molekuli za angstromu 3, gramu 20 kwa kila mililita 100, ziliyafikisha kwenye 4 hivi baada ya saa 72. Tofauti hiyo si ya karatasini tu. Mililita 100 za THF yenye sehemu 43 hubeba maji milimoli 0.2; basi mwenye milimoli 0.5 za butili-lithiamu, ambayo maji huiharibu, ameshapoteza asilimia 40 hivi kabla ya kazi kuanza. Wala Johannesburg hawakuwa wa kwanza kutilia shaka mazoea: mwaka 1977 Burfield na wenzake, huko Malaysia, walifuatilia maji yaliyotiwa triti na kukuta baadhi ya vikaushi vyenye jina kubwa havistahili sifa zao. Sababu moja ya sodiamu kushindwa iko wazi. THF huchemka kwenye nyuzi 66, sodiamu huyeyuka kwenye 98. Kwa hiyo metali hiyo hubaki mabonge, na uso wake hufunikwa na hidroksidi. Chekeche hazitegemei uso wa nje: ni zeolaiti yenye vitundu vya nanomita 0.3, maji huingia na kunaswa, THF haipiti.

Watetezi wa sodiamu wana hoja moja nzito: ketaili huondoa pia oksijeni na peroksidi, na chekeche haziwezi hayo. Ni kweli. Lakini oksijeni huondoka kwa kupulizia agoni ndani ya kiyeyushi, na peroksidi hunaswa na safu ya alumina, bila kuacha sodiamu karibu na kiyeyushi kinachochemka na maji ya kupoozea yanayoweza kukatika usiku. Kuhusu saa 72, chupa iliyofungwa haihitaji mlinzi.

Wengine husema walijaribu chekeche zikawaangusha. Hapo ningeuliza kwanza ziliandaliwa vipi. Oveni ya kukaushia vyombo, yenye nyuzi 110 au 120, haitoi maji yaliyokwisha kuingia vitunduni. Zinatakiwa nyuzi 300 kwa siku nzima, kisha zipoe mbali na hewa, na kwa unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam sharti hilo halina mjadala. Asetoni ndiyo ningeitenga: ikikaa muda mrefu juu ya chekeche, ubesi wa chekeche huziunganisha molekuli za asetoni zenyewe kwa zenyewe, na muungano huo huzalisha maji mapya.