Taa za Dagaa, Tope la Vilimani: Setilaiti Zinalindaje Ziwa Tanganyika

Mei 15, 2024 Tanzania ililipumzisha Ziwa Tanganyika. Hadi Agosti 15 mwaka huo, mitumbwi ya dagaa na migebuka ilitakiwa kukaa nchi kavu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolichangia ziwa hilo: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, zilipo kata za Karema, Ikola na Kapalamsenga, uamuzi huo uligusa sufuria ya kila nyumba. Nami nilikuwa upande wake, na bado niko. Ziwa linalovuliwa mwaka mzima bila kupumua haliwezi kurudisha kilichotolewa.

Lakini nani ajue kama limepumzika kweli? Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Boti ya doria ikitoka Karema usiku, hata ikiwa na mafuta ya kutosha, inaona kipande kidogo tu. Na mvuvi wa upande huu akilalamika kwamba wa ng'ambo wanavua huku yeye amefunga nyavu, atajibiwa kwa ushahidi gani? Hapo ndipo watu hutaja setilaiti. Nimezipitia setilaiti zenyewe, moja baada ya nyingine, na nimeona kwamba ahadi zinazotolewa kwa jina lao ni kubwa kuliko uwezo wao majini, na ni ndogo mno kuliko uwezo wao vilimani.

Tuanze na usiku, maana Tanganyika ni ziwa la usiku. Dagaa hupanda karibu na uso wa maji giza likiingia, wakifuata viumbe wadogo ambao ni chakula chao, na hukusanyika penye mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa wa karabai. Siku hizi taa za betri na sola zimeshika nafasi yake. Wavuvi wanahesabu kazi kwa giza: mwezi ukiwa mpevu nyavu hupumzika, ukififia wanarudi majini.

Juu ya giza hilo, zaidi ya kilomita 800 angani, zinapita setilaiti tatu za Marekani zilizobeba chombo kiitwacho VIIRS: Suomi NPP iliyorushwa 2011, NOAA-20 ya 2017 na NOAA-21 ya 2022. Moja ya kamera za VIIRS ilitengenezwa kuona mwanga hafifu mno wakati wa usiku. Setilaiti hizo hupita juu ya Katavi baada ya saa saba usiku, mara nyingi karibu na saa nane na nusu, saa ambayo mvuvi wa dagaa bado yuko kazini. Bahati hiyo si ya kupuuzwa.

Chukua usiku wa giza mwezi Juni, ziwa likiwa limefungwa. Mchambuzi anafungua picha. Kila nukta yake inafunika eneo la mita 742 kwa mita 742, kwa hiyo asitegemee kuona mtumbwi. Anachotafuta ni nukta inayong'aa kuliko maji yanayoizunguka. Kwanza anachora mstari wa ufukwe na kuondoa taa za nchi kavu, kwa sababu umeme wa mwaloni usipoondolewa utahesabiwa kuwa mtumbwi. Kisha anaondoa moto. Juni na Julai ni miezi ya kuchoma nyika, na moto wa kilimani hung'aa vizuri tu kwenye kamera hiyo. Moto, hata hivyo, hujisaliti kwa joto: VIIRS ina njia nyingine zinazopima mionzi ya joto, na taa ya sola haitoi joto la kuonekana kutoka angani. Nukta yenye mwanga lakini isiyo na joto, iliyo katikati ya maji, ndiyo inayobaki mezani.

Nukta moja ya usiku mmoja haitoshi kumshtaki mtu. Inaweza kuwa meli ya mizigo inayotoka Kalemie, upande wa Kongo. Uzito unakuja mchambuzi anapolinganisha: giza la Aprili kabla ya kufunga, giza la Juni wakati ziwa limefungwa, giza la Juni ya mwaka uliotangulia. Kundi la nukta likirudi eneo lile lile usiku baada ya usiku, hapo kuna kazi inayofanyika. Kwa ziwa lenye upana huu, nukta ya robo tatu ya kilomita inatosha kabisa kusema ni upande wa Tanzania au wa Kongo. Hapa naona thamani kubwa ambayo haisemwi vya kutosha. Makubaliano ya nchi nne huvunjwa na shaka kabla hayajavunjwa na nyavu, na picha hii haina uraia.

Njia hiyo ilishajaribiwa kwingine. Ufilipino meli za uvuvi wa kibiashara zilikatazwa kuvua katika maji ya manispaa, yaani kilomita 15 kutoka ufukweni, na mpango uitwao Karagatan Patrol ulitumia nukta za VIIRS kuonyesha mianga iliyoingia ndani ya mstari huo. Tofauti na sisi ni nguvu ya taa. Meli zao huwasha taa kali mno. Kwetu taa moja ndogo ya sola inaweza kumezwa na kelele za kamera, hasa mwezi ukiwapo au wingu likitanda. Kuna pia jambo la rangi: kamera ile husoma mwanga kuanzia nanomita 500 hadi 900, na taa nyeupe za LED hutoa sehemu nzuri ya mwanga wao chini ya 500, kwenye bluu. Kwa hiyo kadiri karabai zinavyotoweka, setilaiti inapoteza sehemu ya ilichokuwa ikikiona, na anayelinganisha miaka ya karabai na miaka ya LED bila kulijua hilo atatangaza kwamba uvuvi umepungua kumbe taa zimebadilika.

Hadi hapa ni maji ya katikati. Sasa twende ufukweni, kwenye mazalia, maana ndiko ziwa linakojaziwa. Samaki aina ya kuhe hutaga kwenye sakafu ya ziwa, kisha dume na jike hukaa kulinda mayai na vifaranga. Dagaa hutaga maji ya wazi, lakini wachanga wao husogea karibu na nchi kavu kukua. Adui wao hapo ni kokoro na vyandarua vya mbu, nyavu zinazovutwa kwa mikono, mchana au alfajiri, bila taa yoyote. VIIRS haioni hata kimoja. Eneo linalohitaji ulinzi kuliko yote ndilo lisilofikiwa na jicho la usiku.

Wengine hutaja rada, kama ile ya Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo haijali wingu wala giza. Rada hiyo ndiyo iliyosaidia uchunguzi uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature, uliobaini kwamba takriban robo tatu ya meli za uvuvi wa viwandani duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi ya kufuatilia meli. Lakini meli zile ni za chuma, na chuma hurudisha mawimbi ya rada kwa nguvu. Mtumbwi wa mbao hurudisha kidogo sana. Tena rada hiyo hupita huku karibu na saa moja asubuhi au saa moja jioni, dagaa wakiwa ndiyo wanashushwa mwaloni au mitumbwi ikiwa ndiyo inasukumwa majini. Mifumo ya bahari kuu, ambako meli hubeba kifaa kinachotangaza ilipo, haihamishiki Ikola kama ilivyo.

Picha za rangi za Sentinel-2 nazo zina nukta za mita 10, na mitumbwi mingi ni mifupi kuliko hapo. Ila picha hizo, zinazopatikana kila baada ya siku 5 karibu na saa tano asubuhi, zinaona kitu kingine waziwazi: rangi ya maji. Mvua za Novemba zikianza, tope la mito huingia ziwani kama mkia wa kahawia ndani ya bluu, na mkia wa Mto Malagarasi huonekana bila hata kukuza picha. Tope ni balaa kwa ziwa hili. Tangu mwaka 1993 wanasayansi wakiongozwa na Andrew Cohen walionyesha kwamba sehemu za ufukwe zilizojaa udongo uliomomonyoka zina aina chache za viumbe kuliko sehemu zilizobaki safi. Mwamba ukifunikwa na tope, samaki wanaokula mwani wa kwenye mwamba hukosa chakula, na wanaotaga hapo hukosa pa kutagia.

Ndiyo maana nasema ulinzi wa mazalia kwa setilaiti uanzie vilimani. Jambo hili lilishafanyika jirani. Taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wa TACARE na vijiji vya Kigoma mwaka 1994. Baadaye mtaalamu wake, Lilian Pintea, alilinganisha picha za setilaiti za Landsat za mwaka 1972 na za 1999. Ndani ya Hifadhi ya Gombe msitu ulibaki. Nje ya mpaka miteremko ilikuwa imevuliwa nguo. Hatua iliyofuata ndiyo inayonivutia zaidi. Picha zenye kuonyesha kitu cha mita moja ziliwekwa mbele ya wanakijiji, nao wakaonyesha wenyewe nyumba zao, njia zao, vyanzo vyao vya maji. Kutoka hapo ilitoka mipango ya matumizi bora ya ardhi na misitu ya akiba ya vijiji. Picha ilipata nguvu ilipopata wasomaji wanaoijua ardhi.

Katavi yenyewe ina mfano wake. Katika milima ya Ntakata, vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika vinauza hewa ukaa kupitia Carbon Tanzania. Mnunuzi hanunui maneno: inabidi picha za setilaiti zionyeshe ni msitu kiasi gani umesimama, na walinzi wa vijiji wanatembea porini na simujanja wakirekodi walichokikuta na mahali kilipo. Fedha zimejenga madarasa na zahanati. Si maji yote ya nyanda hizo yanakwenda Tanganyika, kwani Mto Katuma unaelekea Hifadhi ya Katavi na Ziwa Rukwa, lakini utaratibu ni ule ule, na watu wanaoujua tayari wako wilayani.

Utaratibu huo upelekwe sasa kwenye miteremko inayoangalia ziwa. Kapalamsenga ina machimbo ya shaba na ina mashamba, na vyote viwili hufungua ardhi. Februari 2000 chombo cha Marekani kilipima miinuko ya dunia kwa rada, na kutokana na vipimo hivyo ramani ya miteremko ya karibu kila kilima cha nchi hii sasa inapatikana bure. Ilinganishe na picha za Sentinel-2 za Septemba na Oktoba, miezi ambayo mawingu ni machache. Tafuta ardhi iliyofunguliwa mwaka huo, penye mteremko mkali, karibu na kijito. Orodha itakayotoka ni fupi, nayo inasema tope la Novemba litatokea wapi kabla tone la kwanza halijadondoka. Taa za VIIRS zinaeleza kilichotokea jana usiku. Orodha hii inatoa mwezi mzima wa kupanda majani kingo za kijito, kuchimba makinga maji, au kumwomba mwenye shamba aache mita kadhaa bila kulima.

Kazi hiyo haihitaji setilaiti mpya, wala malipo ya picha. Inahitaji mtu mmoja halmashauri mwenye kompyuta na intaneti, anayefahamu kusoma picha. Inahitaji pia mipaka ya mazalia ipimwe kwa GPS na vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vyenyewe, vikizunguka na mtumbwi mchana, ili ramani ya ziwa na ramani ya vilima zikutane kwenye kijito kimoja. Na orodha ya Oktoba imfikie mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa BMU siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa simu wenye jina la mahali wanalolijua, si namba za latitudo peke yake. Kwa kokoro la alfajiri, ambalo hakuna setilaiti kati ya hizi inayoweza kulikamata, bajeti ielekezwe kwenye petroli ya boti ya doria.