Machozi ya Adili

Nyumbani kwetu Mkwaja, ufunguo wa chumba cha mjomba huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa bibi. Mjomba ana ulemavu wa akili, na hakuna anachokipenda kama kwenda pwani kuwapokea wavuvi. Bibi anaiogopa bahari. Nilipokuwa mdogo, akienda shamba, kazi ya kumfungia mjomba ilikuwa yangu. Aligonga mlango mpaka akachoka, ndipo nikampelekea wali.

Mwaka huu nimekisoma upya Adili na Nduguze kwa ajili ya tasnifu yangu. Shaaban Robert, aliyewahi kuwa karani wa forodha kwetu Pangani, alikichapisha mwaka 1952. Adili anafuga manyani wawili, ambao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini baada ya kutaka kumwua. Kila usiku anawachapa kwa amri ya jini huyo, kisha anawalisha na kuwabembeleza huku analia.

Tumezoea kuyasoma machozi hayo kama ushahidi wa utu wake. Sasa nayatilia shaka. Hayapunguzi kiboko hata kimoja. Tena, kisa cha manyani tunakisikia kwa kinywa cha Adili, akimsimulia mfalme Rai. Mwenye kiboko ndiye mwenye hadithi. Ndugu wale walau walikosa. Mjomba hakumkosea mtu. Lakini kisa chake pia tulikisimulia sisi: tunamfungia kwa sababu tunampenda.

Nguvu ya kitabu ni kwamba hakikumfanya Adili katili. Shaaban aliona jinsi mtu mwema anavyoweza kuumiza kwa kuwa ameamriwa. Udhaifu wake ni kuuleta ukombozi kwa hisani ya mfalme. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haungoji hisani: kifungu cha 12 kinataka mtu mwenye ulemavu asaidiwe kuamua, si kuamuliwa. Sheria yetu Na. 9 ya 2010 nayo inautaja uhuru huo.

Likizo iliyopita nilimwuliza mjomba, kwa mara ya kwanza, anataka nini.

"Ngalawa," akasema.

Tukaenda pamoja, tukarudi jua likizama. Bibi alikuwa amekaa barazani.

"Na ukirudi chuoni, mjukuu wangu, nani atakwenda naye?"

Sikuwa na jibu. Ufunguo bado uko kwenye msumari.