Jina la Waziri na Picha za Kivuli

Picha ya mtu iliyo nyeusi tupu, isiyo na macho wala rangi ila ukingo wa uso, Waingereza huiita silhouette. Asili yake ni jina la mtu. Étienne de Silhouette aliwekwa juu ya hazina ya mfalme wa Ufaransa mwezi wa Machi 1759, wakati wa vita. Akataka matajiri nao watozwe kodi, na mwezi wa Novemba akaondoka. Watu wakakiita kwa jina lake kila kitu cha bei rahisi, hata picha hizo. Sisi twaona dhihaka hiyo haikumstahili waziri, wala picha haikuistahili, maana fundi wa mkasi hana rangi ya kufichia kosa. Waingereza wenyewe hapo zamani waliziita vivuli, nasi twalipenda zaidi jina hilo.