Baraka Iliyoibwa: Uadui wa Ndani na Siasa ya Nje katika Mighani ya Lenana na Sendeyo

Utangulizi

Mighani ya Lenana na Sendeyo ni miongoni mwa masimulizi yanayojulikana sana katika Bonde la Ufa. Hata hivyo, aghalabu husomwa kwa namna moja tu: kama kisa cha hila ambamo mdogo anamzunguka mkubwa na kumpokonya baraka ya baba yao, Mbatian. Msomaji aliyezoea Biblia huwakumbuka mara moja Yakobo na Esau, na mjadala huishia hapo. Makala haya yanadai kwamba usomaji wa aina hiyo unaificha kazi ya kisiasa inayofanywa na mighani yenyewe. Kiini cha masimulizi haya ni kiongozi ambaye haki yake inatiliwa shaka nyumbani, na ambaye kwa sababu hiyo anahitaji kutambuliwa nje. Bei ya utambuzi huo ilikuwa malisho ya Naivasha na Nakuru, nayo haitajwi popote katika mighani. Pengo hilo ndilo linalostahili kuhakikiwa.

Mighani na Mwegemeo Wake

Matini inayotumiwa zaidi ni ile iliyochapishwa mwaka 1905 na A. C. Hollis, ofisa wa utawala wa Kiingereza, katika kitabu chake kuhusu lugha na masimulizi ya Wamaasai. Utangulizi wa kitabu hicho uliandikwa na Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki hadi alipojiuzulu mwaka 1904. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia maudhui, ni muhimu kukumbuka kwamba mighani hii iliingia katika maandishi kupitia ofisi ile ile iliyokuwa ikishughulikia ardhi ya Wamaasai.

Muhtasari wa kisa ni huu. Mbatian, laiboni mkuu aliyefariki mwaka 1890, anahisi kwamba ajali yake imekaribia. Anamwagiza mwanawe mkubwa, Sendeyo, arudi asubuhi ili akabidhiwe vifaa vya ulaiboni. Lenana amejificha katika zizi la ndama na anayasikia maneno hayo. Alfajiri anamtangulia nduguye. Mzee, ambaye ana jicho moja tu na uzee umemlemea, hamtambui. Anampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu na mawe ya kupigia ramli. Sendeyo anapofika anaambiwa kwamba vifaa vimekwisha kutolewa. Anakataa kuwa chini ya mdogo wake, na baada ya mazishi watu wanagawanyika. Wafuasi wa Sendeyo wanapatwa na maradhi, ng'ombe wao wanakufa, na wanashindwa na Wadachi. Wafuasi wa Lenana hawaugui, nao wanapata ng'ombe. Hatimaye, mwaka 1902, Sendeyo anakuja kwa nduguye kuomba amani.

Kwa upande wa fani, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, hila haiadhibiwi. Msimulizi anaieleza waziwazi, kisha anairuhusu izae matunda mema. Uhalali wa Lenana hautokani na njia aliyopitia, bali na ishara zilizofuata, yaani afya na mifugo. Hii ni hoja ya mshindi. Historia ya miaka hiyo inaonyesha kwamba sotoka ya mwaka 1890 na 1891, pamoja na ndui iliyofuata, haikubagua wafuasi wa ndugu hawa wawili. Kwa hiyo mwisho wa mighani hauripoti yaliyotokea, unatoa hukumu.

Pili, msimulizi hasemi ng'ombe wa Lenana walitoka wapi. Wanahistoria wameonyesha kwamba katika miaka ya 1890 morani wa Kimaasai waliandamana na misafara ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya jamii jirani, na kwamba walilipwa kwa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Kinachosawiriwa na mighani kama tunda la baraka ya baba kilikuwa pia malipo ya mshirika wa kigeni. Wadachi, waliokuwa adui wa Sendeyo, wanatajwa. Waingereza, waliokuwa rafiki wa Lenana, wamejificha nyuma ya neno baraka.

Mfanano na Yakobo, na Mahali Unapokoma

Mfanano wa kisa hiki na ule wa Mwanzo 27 uliwavutia mno wageni wa wakati huo. Mwaka 1904 ofisa wa Kijerumani, M. Merker, alichapisha kitabu kilichojaribu kuwahusisha Wamaasai na watu wa Agano la Kale kwa misingi ya mifanano kama hiyo. Uhakiki makini hauna budi kutazama pia tofauti. Katika Mwanzo, hila inabuniwa na mama, Rebeka. Katika mighani hii mama hayupo kabisa. Tofauti iliyo kubwa zaidi inahusu kile kinachotolewa. Isaka anambariki mwanawe kwa umande wa mbinguni na unono wa nchi. Mbatian hatoi nchi. Anatoa pembe, kibuyu na mawe, yaani zana za kazi ya uganga na ubashiri.

Hakutoa nchi kwa sababu haikuwa yake. Laiboni hakuwa mfalme. Alishauriwa kuhusu vita, alibariki morani na kukinga jamii dhidi ya maafa. Lakini uamuzi kuhusu malisho ulikuwa wa koo na wa marika, chini ya wasemaji wao. Lenana aliiba zana za ulaiboni. Hakuiba, wala hakuweza kuiba, mamlaka juu ya nyasi za Nakuru. Mamlaka hayo alikuja kupewa baadaye, na waliompa ni wageni.

Adui wa Ndani, Rafiki wa Nje

Hali ya mtawala mwenye haki inayotiliwa shaka imechunguzwa sana katika fasihi ya dunia. Henry wa Nne wa Uingereza alichukua taji la binamu yake Richard wa Pili mwaka 1399. Tangu hapo hakupumzika. Wales iliasi chini ya Owain Glyndŵr mwaka 1400, na ukoo wa Percy, uliomsaidia kupanda kitini, ulipigana naye huko Shrewsbury mwaka 1403. Siasa yake ya nje ilifuata mahitaji hayo ya ndani. Mabinti zake wawili waliozwa katika nyumba za kifalme za Ujerumani na Denmark, kwani kila harusi ya aina hiyo ilikuwa ushahidi kwamba dunia inamtambua. Shakespeare aliiona mantiki hii. Katika tamthilia yake, mfalme anayekufa anamshauri mwanawe ayaelekeze mawazo ya raia kwenye vita vya ng'ambo ili wasahau jinsi taji lilivyopatikana.

Fasihi ya Kiswahili nayo inaitambua hali hii. Katika utenzi wa Fumo Liongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mfalme anayemwogopa Liongo anajaribu kwanza kuwatumia watu wa mwituni kumwua, nao wanashindwa. Anafaulu tu anapomrubuni mwana wa Liongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye, na mwana huyo anaipata siri ya sindano ya shaba. Kikulacho ki nguoni mwako. Wa nje hana uwezo mpaka mlango ufunguliwe na wa ndani.

Ila kuna tofauti moja ya msingi. Henry alikuwa na dola kabla ya kutafuta marafiki, na mfalme wa utenzi alikuwa na mji. Lenana alianza akiwa na pembe na kibuyu tu, katika nchi iliyokwisha kuangamizwa na tauni ya mifugo. Katikati ya miaka ya 1890 watu wake walipata hifadhi karibu na ngome ya Waingereza ya Fort Smith, Kabete. Sendeyo alijiimarisha Loita na kusini, upande uliokuja kuwa wa Wadachi. Waingereza nao walikuwa wachache na walihitaji njia ya misafara, kisha ya reli, ipite Bondeni kwa salama. Novemba 1895, morani waliposhambulia msafara katika bonde la Kedong na kuua mamia ya wapagazi, Waswahili na Wagikuyu, uhusiano haukuvunjika. Uchunguzi uliona kwamba Wamaasai walichokozwa, na urafiki ukazidi kukazwa. Kila upande ulimhitaji mwenzake. Lakini mmoja alipata nguvu haraka zaidi: reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro.

Methali husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Maana yake ya kawaida ni kwamba mgeni asijitie katika ugomvi wa wenyewe; akashughulike na shamba lake. Historia ya Njoro inaigeuza methali hiyo kuwa kinaya. Mgeni alijitia katika ugomvi, na jembe alilolichukua alilipeleka katika malisho ya hao hao waliogombana.

Agosti 1904, mkataba ulitiwa alama. Wamaasai waliondoka katika malisho ya katikati ya Bonde na kugawanywa katika maeneo mawili, Laikipia upande wa kaskazini na jingine kusini, yakiunganishwa na njia yenye upana wa nusu maili. Walibakiziwa maili 5 za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Mpango huo uliahidiwa kudumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo kama taifa. Alama za viongozi kadhaa zilikuwamo, lakini Lenana alitambulishwa kama laiboni wa Wamaasai wote. Cheo ambacho nduguye alikuwa amekipinga kwa miaka mingi kilithibitishwa kwa karatasi, na karatasi hiyo hiyo iliondoa nchi.

Usia wa Pili

Mwezi wa Machi 1911 Lenana naye alifariki. Taarifa za utawala zilidai kwamba kabla ya kukata roho aliwausia watu wake waitii serikali, na kwamba Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Aprili ya mwaka huo mkataba wa pili ulitiwa alama, na ahadi ya mwaka 1904 ikafutwa. Waliokuwa Laikipia, chini ya msemaji wa Purko, Parsaloi Ole Gilisho, walitakiwa kuondoka.

Mhakiki wa fasihi ana jambo la kusema hapa ambalo mwanahistoria huenda asilione upesi. Matukio haya mawili, la mwaka 1890 na la mwaka 1911, yana muundo mmoja. Baba yu kitandani. Maneno yake hayawezi kuhakikishwa. Anayeyapokea ndiye anayefaidika nayo. Katika kisa cha kwanza msikilizaji ni mwana aliyejificha zizini. Katika cha pili ni ofisi. Mighani inakubali wazi kwamba kulikuwa na hila kwenye kitanda cha Mbatian. Taarifa ya utawala haikubali kwamba kungeweza kuwa na hila kwenye kitanda cha Lenana. Kwa kipimo hicho, matini simulizi, inayodharauliwa kuwa ni hekaya, ni aminifu kuliko waraka rasmi.

Ndani na Nje Mahakamani

Ole Gilisho na wenzake hawakushika mikuki. Walishtaki. Kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo iliamuliwa mwaka 1913, na hoja ya hukumu yake ni muhimu kwa mjadala huu. Mahakama iliona kwamba mikataba ya mwaka 1904 na 1911 ilikuwa makubaliano baina ya dola na dola; kwa hiyo mahakama ya ndani haikuwa na uwezo wa kuyachunguza. Wamaasai, waliokuwa wakihamishwa, wakilipishwa kodi na kuhesabiwa na serikali, waligeuzwa kuwa taifa la kigeni siku ile tu waliyodai haki.

Mpaka kati ya ndani na nje huchorwa na mwenye nguvu. Masimulizi ya Nakuru yanaeleza kwamba katika vita vya miaka ya 1870 morani wa Laikipiak walisukumwa wakatumbukia katika kreta ya Menengai. Nao walikuwa wasemaji wa Kimaa. Washindi wao ndio waliowafanya kuwa wa nje. Mwaka 1913 kalamu ya jaji ilifanya kazi ile ile.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mighani ya Lenana na Sendeyo ni hoja ya uhalali yenye pengo katikati yake, na kwamba pengo hilo ni ardhi. Athari ya kusoma kisa hiki kama habari ya ndugu mwovu tu ni kumtwika mtu mmoja mzigo wa mfumo mzima. Lenana alifanya hila. Lakini hila yake ilihusu pembe na kibuyu. Waliomfanya awe na uwezo wa kuitoa nchi ndio walioichukua.

Suala hili si la kumbukumbu pekee. Mwaka 2004, karne moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai ardhi ya Laikipia. Katika ghasia za mwaka 1992, za Januari 1998 huko Njoro na Laikipia, na za mwaka 2007 na 2008 zilizofika Nakuru na Naivasha, majirani waliitwa wageni na madoadoa, na wengi waliuawa kwa sababu ya majina hayo. Wanaosomesha fasihi simulizi katika eneo hili hawana budi kumuuliza kila msimulizi, wa jana na wa leo, swali ambalo mzee Mbatian hakuwahi kuliuliza alfajiri ile: ni nani hasa anayesema, na amekuja kuchukua nini?